Meli Iliyopotea Katika Nafasi

Kitabu kilikuja ndani ya mfuko wa koti la mtumba ambalo kaka yangu alinunua kwenye gulio la Nkwenda, mwaka ule alioanza kuugua. Jaladani palikuwa na Mzungu aliyevaa nguo nyekundu ya kubana, nyuma yake nyota, na mgongoni mwa kitabu namba 31. Tulidhani ni namba ya maktaba. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, niliona rafu nzima ya vitabu hivyo kwa mtu mmoja mjini, nikaambiwa kwamba hadithi ilianzia kwenye sinema na kwamba nahodha wake hafi kamwe, maana akifa biashara imekwisha. Dunia nzima ilijua hilo. Sisi wa Kamuli hatukuwa na habari.

Kaka alikuwa fundi mwashi. Nyumba nyingi za matofali za kata yetu alizijenga yeye, na sasa hata kikombe kilimshinda. Silimu, ndivyo ukimwi ulivyoitwa kwetu, watu walinong'ona, wakisimama mbali na mlango. Mimi nilitolewa shule kidato cha pili nije kumuuguza, na sitadanganya, nilikasirika sana. Nilimwogesha huku nimenuna. Siku moja akanirushia kile kitabu.

"Badala ya kuninunia, nisomee. Kiingereza ndicho ulichokuwa ukituringia, siyo?"

Nikaazima kamusi kwa katekista. Kila mchana, mama akiwa shambani, nilisoma sentensi, nikapekua, nikamwambia kwa Kiswahili na Kinyambo. Meli ya nahodha ilikuwa imepotea katika kitu ambacho kamusi ilikiita nafasi. Leo najua ni anga, lakini siku ile hapakuwa na wa kunisahihisha. Nikasema hivyo hivyo: meli imepotea katika nafasi.

"Nafasi ya nini?"

"Nafasi tu. Nyeusi, haina mwisho."

"Waitu! Nafasi yote hiyo, na bado wamepotea?" Alicheka mpaka akakohoa.

Likawa neno letu. Asubuhi nikimwuliza ameamkaje, alijibu, "Niko kwenye nafasi," nami nilijua maumivu yamezidi. Lakini juu ya nahodha hakuwa na mzaha. Hewa ilikuwa ikiisha melini, na kaka alitaka kujua kama yule bwana atarudi kwao. Alinikataza kuchungulia kurasa za mwisho. "Tutafika pamoja," alisema. Hasira zangu zikaisha bila mimi kujua. Nikajiaminisha kwamba hawezi kufa kabla ya kitabu kwisha, basi nikawa nasoma nusu ukurasa kwa siku, nikisingizia kamusi.

Zilipobaki kurasa kumi na moja, alizidiwa. Wanaume wanne walimbeba kwenye engozi, machela yetu ya miti, tukatembea tangu asubuhi mpaka hospitali. Muuguzi alitusimamisha barazani.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Mrudisheni tu nyumbani. Hakuna nafasi."

Kaka akafumbua macho, akanitafuta. "Umesikia? Yote kachukua nahodha."

Wabebaji walidhani homa imempanda kichwani. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, nikaona aibu mbele ya watu.

Njiani, wabebaji walipotua kupumzika, aliniambia, "Nisomee mwisho." Kitabu nilikuwa nacho kikapuni. Nikamjibu, "Kesho, kaka. Kurasa bado nyingi." Nilikuwa nazichelewesha ili abaki. Asubuhi iliyofuata hakuamka.

Nilizisoma zile kurasa peke yangu, nyuma ya jiko, huku wanawake wakiomboleza ndani. Zilichukua nusu saa. Nahodha alirudi kwao, akala, akalala. Nusu saa hiyo ningeweza kumpa pale njiani, na sijajisamehe mpaka leo.

Nilipokifunga kitabu, nilimwona baba mdogo akipima kwa hatua kati ya migomba, kando ya kaburi la baba. Alidhani nimetumwa.

"Mwambie mama yako wachimbaji waje," alisema. "Hapa nafasi ipo."