Mpangaji na Rula Yake

Mpangaji wetu wa chumba cha uani hapa Mtendeni anasomea unesi. Kila jioni hukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, rula mapajani, akinakili kitabu kwenye daftari neno kwa neno, maelezo kwa bluu, vichwa kwa nyekundu. Akikosea herufi moja huchana ukurasa akaanza upya. Kidole chake cha kati kimeota sugu. Jumatatu hii anarudia mtihani, na akifeli tena chuo kinamwondoa.

Jana Ijumaa mke wangu, akichambua mchele, alilifunga lile daftari kwa utani. "Haya nesi, mwanangu anaharisha. Nimfanyie nini kwanza?" Mpangaji alifumba macho. Kidole kikaandika kichwa cha somo kwenye paja, kikapiga mstari chini yake, kikaishia hapo. "Ukurasa nauona, mama Sayi. Ni wa kulia, umejaa."

"Basi mtoto ameshakufa huyo," mke wangu akasema, akicheka. Yeye hakucheka. Nilitaka kumwambia afunge kitabu, ajaribu kueleza kwa maneno yake, lakini mimi wa darasa la saba nitaanzia wapi? Leo asubuhi nimemkuta na daftari jipya. "Shikamoo baba Sayi. Lile niliandika vibaya," akasema, akapiga mstari wa pambizo kwenye ukurasa wa kwanza.