Nilimchagua Fundi Asiyeuliza Maswali

Ufunguo ulizunguka kitasani taratibu, kama wa mtu aliyerejea nyumbani kwake. Hakuna aliyepiga hodi.

Kosa ni langu, mwenzangu unayenisoma. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu nina tabia ya kutafuta hoja za kujitetea, na hoja hizo ninazo tele. Zote ni takataka!

Ilikuwa alasiri, jua bado kali, hapa mjini Nachingwea. Nilikuwa sebuleni nikipanga maelezo ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili kuhusu wakulima wa korosho wa Kiegei. Kitasa kilikuwa kimefungwa siku iliyotangulia. Funguo zake zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa mezani mbele yangu. Nilizitazama. Nikautazama mlango. Nikazitazama tena, kana kwamba moja ingeweza kutoka bila ruhusa.

Kilichoniokoa ni komeo la ndani, ambalo nilikuwa nimelisukuma kwa mazoea tu. Mlango ulisukumwa, ukagoma. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, ya upole, karibu ya kubembeleza:

"Mwambie mke wangu kitasa chake kizuri. Leo nilikuwa najaribu tu."

Ufunguo ukachomolewa. Nyayo zikaondoka bila haraka. Ee Mungu wangu!

Mke anayemsema ni mwalimu ninayeishi kwake. Nitamwita Felista, ingawa si jina lake. Aliomba uhamisho kutoka mkoa wa mbali ili amkimbie mume huyo, aliyemvunja mkono wa kushoto, na hadi leo haunyooki. Nilipofika hapa sina pa kulala, Felista alinipokea kama mdogo wake wa tumbo moja. Alinipa chumba, kitanda na sharti moja tu.

"Mdogo wangu, mgeni yeyote akiuliza habari zangu, wewe hunijui. Mengine yote tutaelewana."

Sharti hilo nililivunja nikicheka.

Ilikuwa hivi. Felista alikwenda Ruangwa kwenye semina ya walimu katika shule ya misheni. Nami, siku nilipokwenda Kiegei kuhoji wakulima, nikapoteza ufunguo wangu katika mikorosho. Nilirudi mjini nimechoka, vumbi hadi kwenye nyusi, mlango umefungwa.

Kulikuwa na fundi wa vitasa nyuma ya soko, mwenye leseni. Aliitundika ukutani ndani ya fremu, na bei zake alizichora kwa chaki kwenye ubao mlangoni, bei ambazo hata mkulima asingezilalamikia. Nilimweleza shida yangu. Hakuinua uso kutoka kwenye tupa aliyokuwa akichongea ufunguo.

"Nyumba ya nani?"

"Ninapoishi."

"Sikuuliza unaishi wapi, mama. Ya nani?"

"Ya mwalimu. Amesafiri."

"Balozi wenu wa nyumba kumi anakujua? Njoo naye. Nitafungua mbele yake."

"Balozi yuko shambani! Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mzee, si mwizi."

"Siku hizi wezi nao wamesoma," alijibu, na wateja waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko.

Kicheko kile! Niliondoka nimefura. Njiani nikajenga hoja: leseni ni risiti ya kodi, haimpimi mtu uaminifu, kumtaka balozi ni urasimu wa watu wanaopenda kunyenyekewa, mtu mwenye akili hupima huduma kwa matokeo yake. Hoja ilikuwa nzuri sana. Ilisimama imara pande zote, isipokuwa kwamba iliota kutokana na kuchekwa.

Karibu na kituo cha mabasi nikamkuta kijana mmoja aliyetunga funguo kwenye waya na kuzivaa shingoni kama shanga.

"Mlango wako, dada?"

"Wangu."

"Basi twende, jua linatuchoma bure!"

Basi. Hakuniuliza jingine lolote. Alifungua mlango kabla sijatua mkoba wangu, nami nikaona nimeshinda. Akanishauri nibadilishe kitasa kizima, maana ufunguo uliopotea ungeweza kuokotwa. Madukani vitasa vilikuwa havipatikani, yeye alikuwa nacho kimoja, nikamshukuru Mungu. Ufunguo ulikuwa mmoja, kwa hiyo akaondoka nao kwenda kuchonga wa pili, akarejea na zote mbili. Hata sikuwaza kwamba mtu anayeweza kuchonga wa pili anaweza kuchonga na wa tatu. Mimi, ninayewaza kila kitu mara saba!

Alipokuwa akikaza skrubu alipiga soga.

"Mnakaa wanawake watupu humu? Wanaume wa Nachingwea wamekufa?"

Nilicheka. Baada ya ubishi wa yule mzee, uchangamfu wake ulinipoza. Akauliza mwenzangu ni nani, nikamtajia jina. Akauliza katokea wapi, nikautaja mkoa. Akauliza anarudi lini nisije nikaona upweke, nikamtajia hata basi la Ruangwa atakalorudi nalo.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Sasa unajua kwa nini siku iliyofuata sauti ile ilipoondoka mlangoni sikuweza hata kulia.

Kesho yake asubuhi nilimfuata kijana yule kituoni, nikamuuliza ufunguo wa tatu kampa nani. Hakukataa.

"Yule bwana ana wiki hapa anamuulizia mwalimu mwenye mkono uliopinda. Jina likawa ndilo, mkoa ndio. Akasema ni mkewe. Mume atanyimwa ufunguo wa kwake?"

"Hukumuuliza chochote?"

"Dada, kwani wewe nilikuuliza?" Alinishangaa kwa dhati. "Nilikufungulia hivihivi, ukafurahi. Yeye ningemuuliza kwa nini?"

Nilitoka pale moja kwa moja hadi polisi.

Polisi waliniuliza mtu huyo kaiba nini. Nikasema hakuiba. Wakaniuliza kampiga nani. Nikasema bado. "Basi mama, hayo ni ya mke na mume," wakasema, wakaniaga kwa adabu.

Hapo, mwenzangu, nikafanya kosa la pili, ambalo linanitesa kuliko la kwanza. Badala ya kumpigia Felista simu, niliamua kwamba hana haja ya kujua. Nilimtafuta balozi, nikaenda naye kwa fundi wa leseni, nikaomba radhi. Mzee akaja, akaweka kitasa kingine, akatoza ileile bei ya ubaoni, akamkabidhi balozi funguo ili balozi anikabidhi mimi. Nikajiambia: tatizo lilikuwa ufunguo, ufunguo sasa haufai, kwa hiyo tatizo limekwisha. Felista angerudi kesho yake, angekuta kitasa kipya, ningemwambia nilipoteza funguo. Ungekuwa ukweli. Nusu yake.

Balozi alibaki mlangoni akikuna kidevu.

"Nyumba imefungwa, sawa. Na mwenyewe atashukia wapi?"

Nilijifanya sikumsikia. Kumpigia Felista kungekuwa kukiri, nami niliogopa sauti yake kuliko nilivyoiogopa ya mumewe. Aibu iliyoje!

Siku ya kurudi kwake nilipita kituoni asubuhi nikielekea sokoni. Kwenye benchi, pale lisimamapo basi la Ruangwa, alikaa mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, miguu ameikunja, mgeni mtulivu asiye na mzigo. Sikuwahi kumwona. Nilimpita.

"Habari za kitasa, dada?"

Sauti ileile. Upole uleule.

Ndugu msomaji, hasa mwanamke unayeishi ugenini: mtafute fundi mwenye leseni na mahali pa kumkuta, mwenye bei anayomwonyesha kila mtu. Akikuhoji mpaka ukasirike, vumilia, mjibu, mlete balozi. Mkimbie anayekuchekea. Na ukishakosea, usikae ukipanga namna ya kusema. Sema!

Nilikwenda posta nikikimbia, kanga ikinidondoka. Opereta aliniambia laini ya Ruangwa inasumbua, nisubiri. Nilisubiri nimesimama, nikilitazama dirisha kana kwamba benchi lile lingeonekana kutoka pale. Hatimaye sista mmoja wa misheni akapokea, akasema walimu wako nje, wanapakia mizigo. Nikamsihi amkimbilie. Nikasikia viatu vikienda. Nikasikia honi ya basi, mbali, ndani ya simu.

"Haloo? Mdogo wangu? Kuna nini, mbona waniita hivi, gari linaondoka!"

"Dada, usipande. Yuko hapa. Amekaa kituoni anakusubiri."

Hakuuliza ni nani.

"Amejuaje?" akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nani kamwambia?"

Honi ikalia tena. Opereta akauliza kama bado tunazungumza.

"Tunazungumza," nikamjibu. "Dada Felista, aliyesema ni mimi."