Wa Mwisho Ndiye Huitika

Enzi za Mwingereza, wanawake wa Ulemo tulikuwa tukienda kuchukua chumvi ziwani. Kutwa nzima kwenda, tunalala kwa ndugu, kutwa nzima kurudi. Aliyetuongoza ni shangazi yangu. Safari moja aliniambia bila haya, "Zamu hii mwili umekataa. Nabaki nyumbani. Utawaongoza wewe." Hakujilazimisha kamwe, ndiyo maana alikuwa na mvi na bado anaongoza.

Mimi nilikuwa na darasa la pili la misheni na kichwa kilichojaa ndoto. Nilishajiona niko mbele, kijiji kizima kikisimulia habari zangu. Shangazi akaniondolea ndoto hiyo mapema.

"Anayechoka upesi mtangulize, wewe kaa nyuma yake. Na kila ukiita, wa mwisho ndiye aitike."

Kwenda tulikwenda vizuri. Siku ya kurudi, tukiwa katikati ya pori, tukakuta nyayo zimekatiza njia, mbichi kabisa. Na jumbe alikuwa ametangaza wiki ile kwamba simba amechukua mtu.

"Ni fisi tu," alisema mmoja.

"Fisi wa ukubwa huo, basi kalale naye wewe," jirani yetu akamjibu. Hakuna aliyecheka.

Miguu yangu haikunisubiri. Nikampita wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuwa na mimba ya miezi sita na ndiye aliyetangulia tangu asubuhi. Wenzangu nao wakampita. Tukaenda mbiombio, makapu yakilia vichwani, mpaka koo likanikauka. Ndipo nikakumbuka kuita.

"Mpo?"

"Tupo," akaitika jirani yetu. Nikageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Wifi yako yuko wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemla.

Wakasema watanisubiri, wakabanana kama kuku walioona mwewe. Kapu langu nikalipachika kwenye panda ya mti, nikarudi peke yangu. Kila jani lililotikisika nililiona lina manyoya. Nikamfikiria kaka, nitamwambia nini.

Nikamkuta amekaa njiani, kapu lake kando.

"Nilitua kidogo nivute pumzi," akasema. "Halafu nani wa kunitwika?"

"Mbona hukuita?"

"Niite, simba aje kunitwika?"

Nikajitwika kapu lake, yeye akatangulia mikono mitupu. Akienda hatua kumi anashika kiuno, anasimama. Nami nasimama, nakaza macho kwenye visigino vyake ili nisitazame majani. Tulipowafikia wenzetu hakuna aliyempita tena. Tukaenda hivyo hivyo, kwa mwendo wa mimba yake, na jua likishuka. Sijawahi kuogopa polepole namna ile.

Shangazi alikuwa amesimama uani. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mbona mmechelewa? Nani alitangulia?"

Wifi akanijibia, "Mimi, shangazi. Tangu asubuhi."

Shangazi akatazama kapu kichwani kwangu. "Hili nilimsukia yeye. La kwako liko wapi?"

"Liko porini."

Akanitua mzigo. Nikaenda kumchotea wifi maji, nikampa kibuyu anywe kwanza, ndipo nami nikanywa.