Meza ya Mke wa Seremala

Seremala alitengenezea watu meza mtaa mzima, ila mkewe, aliyekuwa akisomea ukunga, aliandikia kitandani. Chumba chao kilikuwa kimoja. Meza ya kwanza aliyomtengenezea ilizuia mlango usifunguke. Ya pili ilikuwa nyembamba, lakini droo yake ilimuumiza mkewe magoti. Akaing'oa droo, akaondoa miguu, akaufunga ubao mtupu ukutani kwa bawaba ili ukunjwe. Plasta ikabomoka, ubao ukaanguka.

"Nimechoka na chumba hiki," alifoka, akatupa bisibisi.

"Fundi wangu," mkewe akasema taratibu, "kinachotubana ni kitanda. Kifupishe hicho."

Seremala alinuna mpaka jioni, kisha akashika msumeno, na ile meza ya kwanza ikapata nafasi. Sasa mkewe anasomea mezani, naye analala amejikunja, akinung'unika.