Mistari ya Ndune

Niliripoti kazini Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, nikiwa na leso ya mama na njaa. Karakana ya kufuma ya Anti Mwikali, dada ya baba, iko Kyuso, kwenye chumba kilichokuwa posho mill. Bado kinanuka unga. Mkurugenzi, yaani Anti mwenyewe, alinipima kwa macho. "Mutheu, hapa hatulipi. Tunalisha."

Nyinyi wa Form One mnaodhani kitambaa huzaliwa dukani, sikilizeni. Kituo changu cha kwanza kilikuwa kusokota: nyuzi za katani husuguliwa juu ya mguu, na jivu kidogo zisiteleze, mpaka ziwe uzi mmoja. Mguu wangu wa kulia ulinyolewa bure. Nikahamishwa kwa rangi, ambako majani ya mwarobaini huchemshwa na misumari yenye kutu hadi uzi utoke kijani kile cha ganda la ndengu, yaani choroko. Mwishowe nikapandishwa cheo hadi kitanda cha kufumia. Pale unakaza mtande kwanza, yaani nyuzi za kusimama, ndipo unapitisha mshindio, unaolala. Cheo hakikuja na kiti.

Anti alikuwa anafuma pazia la kanisa letu, la kutundikwa nyuma ya mimbari, lenye bustani ya Edeni. Kazi zake ziko kwa mahoteli ya Nairobi, lakini Kyuso hakuna aliyewahi kutundika hata moja. Hapa anaitwa yule wa magunia. Alilitaka pazia hilo pale mbele kuliko alivyokubali kusema.

Shida ni kwamba Edeni hakuijua. Kila asubuhi alitoka, akatembea, akarudi. Nilidhani anatoroka kazi. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha, mimea imeota, na alikuwa anasimama kwa shamba la ndengu la Mama Mwenyekiti, mkubwa wa akina mama wa kanisa, ndiye aliyeagiza pazia. Mistari ya shamba hilo imepinda, kwa sababu ng'ombe wake dume wa kulima, Ndune, huvuta jembe kushoto. Kyuso nzima inajua na hakuna anayemwambia. Anti aliifuma hivyo hivyo, imepinda.

Wiki ya mwisho Mama Mwenyekiti alikuja kukagua. Alisimama mbele ya kitanda, mkoba kwapani.

"Edeni ilikuwa na ndengu?"

"Sijaambiwa haikuwa nazo."

Akasogea karibu. "Hili ni shamba langu. Nyoosha hiyo mistari, Mwikali, ama tununue pazia la duka."

Anti alishika ukingo wa kitanda. Sauti yake ilikuwa chini. "Nikinyoosha, halitakuwa shamba la mtu yeyote. Nilitafuta mahali pazuri Kyuso yote, Mama. Nikapata hapo."

Mama Mwenyekiti alifuata mstari mmoja kwa kidole hadi ulipopinda. Mimi nilikagua kucha zangu.

"Basi weka na Ndune," akasema. "Watu wajue ni nani aliyeipinda."

Anti akachemsha magome ya mgunga, akamfuma Ndune mwekundu, kama jina lake lisemavyo kwa Kikamba, pembe moja chini.

Sasa nimestaafu, nikiwa na miaka kumi na sita, kwa sababu shule zimefunguliwa. Pensheni yangu ni mguu laini. Siwezi tena kupita shamba bila kutafuta mtande wake, na hiyo haisaidii kwa hesabu.

Jumapili pazia lilitundikwa. Mchungaji alihubiri juu ya njia iliyonyooka, mgongo wake kwa mistari ile. Mimi nilijikaza nisicheke. Mama Mwenyekiti hakujikaza.