Korodani Zangu Zilipohamishiwa Mapajani

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini serikali ilipofungulia watu biashara sikumsubiri mtu. Nilianza na mbuzi wawili mnada wa Sanya Juu. Baadaye watu wa Moshi mjini walikuwa wakila nyama yangu bila kunijua. Ng'ombe nawajua kuliko mabwana mifugo wenye vyeti. Kwa hiyo jipu liliponitoka chini, pale nyuma ya mfuko wa korodani, nilijitibu mwenyewe. Nilichukua dawa ya kiwele, ile iliyomponya ng'ombe wangu wa maziwa, nikajipaka.

Siku ya tatu pakawa peusi, panatoa harufu. Cha ajabu, maumivu yakapungua. Nikasema dawa imeingia. Mke wangu akasema hii ni harufu ya mzoga, akanipakia kwenye pikapu yangu hadi hospitali moja ya misheni huko mlimani.

Daktari alikuwa binti, rika la mwanangu wa kwanza. Akaniamkia, "Shikamoo baba," halafu akaniambia nivue suruali. Sikujua niitikie kwanza au nivue kwanza.

"Baba, nyama inaoza, na inaoza kwa saa, siyo kwa siku. Una kisukari pia. Lazima nikate leo."

"Kisukari? Mimi hata chai nakunywa ya chumvi."

"Baba, weka sahihi."

"Utaacha nini?"

"Nitaacha kilicho hai. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Mimi nimehasi madume mengi kwa mikono yangu. Namjua maksai: ananenepa, anatulia, anafungwa jembe. Nikasema sisaini mpaka kaka yangu aje kutoka Mwika na ukoo ukae kikao.

"Ng'ombe wako akiugua unamngoja kaka yako?" mke wangu akaniuliza. Hapohapo akashika dole gumba langu, akalichovya kwenye wino, akaligandamiza kwenye ile karatasi. Homa ilikuwa imenimaliza, hata mkono sikuweza kuuvuta.

Nilipozinduka nilipapasa. Bandeji tu, na chini ya bandeji bapa, hakuna kitu. Basi, nikajua nimekuwa maksai. Mke wangu akinisalimia nageukia ukutani.

Kila asubuhi muuguzi aliosha kidonda, kisha akamimina asali. Asali kabisa, ya nyuki. Mwenye kisukari amekatazwa sukari, halafu anapakwa asali kwenye kidonda! Niliuliza, nikajibiwa haiingii kwenye damu, inaua wadudu. Sikuelewa, ila ile harufu ilikata.

Mke wangu alileta mtori, ule uji wa ndizi na nyama wanaopewa waliojifungua. Mzee wa kitanda cha pili akachungulia bakuli.

"Mbe, huo si wa mzazi? Wewe umejifungua nini?"

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikameza mtori na machozi.

Siku ya tano ilinishinda. Nikamwambia daktari, taratibu, mzee asisikie, "Mwanangu, zile ulizokata mlizitupa wapi?"

"Zipi?"

"Za uanaume."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao. "Sikuzikata, baba. Ngozi ya mfuko ndiyo iliyooza, nikaitoa yote. Zenyewe zina mishipa yake ya damu, tofauti na ya ngozi, zilikuwa nzima. Nimezihifadhi mapajani, chini ya ngozi." Akashika mkono wangu, akauweka paja la kulia, kisha la kushoto. Zilikuwepo. Kila moja na paja lake, kama mayai yaliyofichwa kwenye majani.

"Zinafanya kazi huko?"

"Zinafanya."

Mpaka leo zipo hukohuko, na mpaka leo sielewi. Mchana ule mke wangu alipokuja nilimgeukia kwa mara ya kwanza.

"Unajua ziko wapi?"

"Niliambiwa siku ileile ya upasuaji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeuambia ukuta?" akasema, akaanza kunikunjia shuka.