Zamu ya Kumuogesha Mzee

Usiniambie watu wamechoka. Wamechoshwa na nini? Siku tatu za kongamano la wanaume wa kanisa waliimba, wakalia, wakala pilau, wakarudi makwao. Hiyo nayo kazi ya kumchosha mwanaume? Mie nachomelea mageti Chumbageni toka asubuhi, jua lote mgongoni, na saa kumi jioni niko kwa mzee. Hilo neno la kuchoka kamtafutie mtu mwingine.

Huyo mzee ndiye aliyeanzisha umoja wa wanaume kanisani kwetu. Fundi muashi, kiganja kama koleo. Nilipofukuzwa kwaya kwa kumzaba kibao mpiga kinanda (alistahili, na mpaka leo anastahili), waumini wakiniona wanavuka barabara. Yeye akaja chumbani kwangu, akakaa juu ya ndoo, akasema, "Mwanangu, hasira unazo, kazi huna. Kesho njoo unibebee zege." Sijasahau. Asiyempenda mzee yule asinisalimie.

Kiharusi kilimkamata wiki mbili kabla ya kongamano. Upande wa kulia wote ukafa. Mkewe alishatangulia, mwanawe dereva wa lori, leo Horohoro, kesho Mombasa. Nyumbani amebaki mke wa huyo mwanawe. Na kila mtu anajua, mkwe hamuogeshi baba mkwe. Mzee alishasema bora anuke.

Basi siku ya mwisho ya kongamano, uwanja umejaa mpaka watu wamepanda ukuta, mwenyekiti wetu akashika kipaza sauti: "Wanaume! Nani atamuogesha baba yetu?" Mikono juu, utadhani vinagawiwa viwanja! Tukaandika majina nyuma ya bango la kongamano, wawili wawili, kila siku saa kumi. Bango likabandikwa barazani kwa mzee.

Wiki ya kwanza walikuja sita kwa mpigo, wakagombania dodoki. Wakapiga na picha mlangoni. Wiki ya pili wakaja wawili, mmoja macho kwenye simu. Wiki ya tatu nikabaki mie. Kwenye kundi la simu ndiko walikokuwa hodari. Naandika, "Zamu ya nani leo?" Najibiwa "Amina." Mwingine, "Tuko pamoja, mtumishi." Pamoja wapi?

Na mzee alikuwa anajiandaa, hilo ndilo lililoniuma. Saa tisa na nusu anamwambia mkwewe amtolee kiti barazani, taulo begani, anasoma bango. "Leo mwalimu na yule muuza spea," ananiambia, maneno yanatokea upande mmoja wa mdomo. "Watakuja."

Hawakuja. Nikajifanya mwamba, nikamnyanyua peke yangu. Bafuni sakafu ina povu, mguu ukaniteleza, tukaenda chini wote wawili. Yeye uchi, mie chini yake, na mkwewe nje anauliza, "Baba, kuna nini? Niingie?"

"Usiingie!" Alipiga ukelele kwa mdomo wake ule ule mbovu, machozi yakamtoka. Sikuwahi kumuona analia, hata msibani kwa mkewe.

Nikamwita jirani muuza mkaa, Muislamu, mtu mzima. Alikuwa anatawadha. Akaja mbio, maji yanamchuruzika viwikoni. "Bismillahi. Wee shika kwapa hilo." Tulipomkalisha mzee kwenye kiti, akanigeukia. "Yakhe, si nyie mliojaza uwanja? Spika zenu tulizisikia mpaka msikitini. Wanaume wote wale wamekwenda wapi?"

Toka siku hiyo jirani anakuja kila akitoka kuswali alasiri. Na jina lake halimo popote kwenye bango.

Jumamosi tukaitwa kikao. Ajenda: moto wa kongamano usizimike. Unajua dawa waliyoipata? Kongamano jingine! Kubwa zaidi, na fulana mpya. Nikasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo. Leo zamu ya nani kwa mzee?"

"Marahaba. Kaa chini kijana, hayo madogo tutayagusa kwenye mengineyo."

"Madogo? Zamu ni yako. Wewe na katibu. Jina lako ndilo la kwanza kwenye bango, kwa wino mwekundu."

Katibu akainamia karatasi zake. Nyuma mtu akacheka, "Haya, bondia wa kwaya kaanza."

Sikumpiga. Mnisifu kwa hilo, maana ngumi nilikuwa nimeshaikunja. Nilitoka kwa sababu ilikuwa saa kumi kasorobo na maji yalishabandikwa jikoni.

Mzee alikuwa barazani na taulo lake. Akachungulia barabarani nyuma yangu. "Mwenyekiti yuko wapi?"

Sikumdanganya. "Haji, baba. Wanapanga kongamano."

Jirani naye akafika, akavua kofia, akakunja mikono ya kanzu. Nilinyoosha mkono nilichane lile bango, nilikuwa nimechoka kulitazama. Mzee akanizuia kwa mkono wake mmoja mzima.

"Liache. Labda kesho."

Nimeliacha, kwa heshima yake tu. Lakini mnaniambia moto, moto, moto gani huo usioweza kuchemsha ndoo moja ya maji? Na wewe unayenisoma hapa, jina lako umeliandika barazani kwa nani, na mbona hujaenda?